Kinga ya Bibi na Kinga ya Mjukuu

Bibi alikuwa amempakata mjukuu wa miezi tisa, kadi ya kliniki ameifunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa asubuhi ya chanjo katika zahanati moja hapa Bagamoyo, foleni imetoka mpaka nje chini ya mwembe. Nesi alipomaliza kumchoma mtoto sindano ya surua na rubela, bibi akauliza: "Mwanangu, huyu tangu azaliwe anadungwa tu. Mimi na uzee huu mbona hakuna anayeniangalia?"

"Bibi, wewe kinga yako ilishakomaa. Hawa wadogo ndio hawana kitu."

Foleni ikasogea.

Jibu lile limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Lingekuwa uongo mtupu ningelisahau siku ileile. Shida ni kwamba nusu yake ni kweli, na nusu ya kweli hupita mlangoni bila kuulizwa. Tena bibi huyohuyo akiugua mafua yakamlaza wiki mbili, majirani watasema "damu yake imechoka". Kwa hiyo kinga yake imekomaa na pia imechoka, inategemea unamuuliza nani na lini.

Ninavyoona, kauli zote mbili zinasema kweli, ila kila moja inazungumzia kingamwili tofauti, yaani zile protini za damu zinazomshika adui. Kuna zile ambazo mwili ulishajifunza kuzitengeneza, na kuna zile ambazo bado haujajifunza. Umri unazigusa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo, na hapo ndipo mipango yetu ya chanjo kwa wazee inapopotea.

Sindano ikishaingia

Chanjo ikichomwa begani, seli za ulinzi huibeba mpaka kwenye tezi za limfu za kwapani. Ikichomwa pajani, kama tunavyowafanyia watoto, huenda kwenye tezi za kinena. Ndani ya tezi kuna mamilioni ya seli B, ambazo ndizo watengenezaji wa kingamwili, kila moja na umbo lake la kushikia, na ni chache sana ambazo umbo lao linaweza kukishika kipande kile kilicholetwa. Hizo chache zikikishika, bado zinahitaji ruhusa kutoka kwa seli T msaidizi. Bila ruhusa hiyo, chanjo nyingi zenye protini haziendi mbali.

Ruhusa ikitoka, baadhi ya seli B hukimbilia kumwaga kingamwili za haraka za aina ya IgM, ambazo huanza kuonekana kwenye damu kati ya siku ya 5 na ya 7. Nyingine hubaki tezini na kujikusanya kwenye kituo maalumu cha kunolea. Humo hugawanyika kwa kasi, na kwa makusudi hubadilibadili herufi za jeni linaloamua umbo la kingamwili, kisha hujipima upya. Ni kazi ya seremala anayeranda mlango, anaujaribu kwenye fremu, anautoa, anauranda tena. Seli iliyoshika vizuri zaidi huruhusiwa kuendelea. Iliyokosea hufa.

Kunoa huku kunahitaji muda. IgG, ile tunayoitegemea kwa miaka, hupanda katika wiki ya pili na kufika kileleni karibu na wiki ya nne. Seli zilizofuzu huhamia ndani ya uboho wa mifupa, zikakaa huko zikimwaga kingamwili mwaka baada ya mwaka, hata kama adui hajarudi.

Shikilia sehemu tatu: uboho unaozaa seli B mpya, tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua inayolea seli T mpya, na vile vituo vya kunolea ndani ya tezi za limfu. Umri hauzipigi zote kwa siku moja.

Mtoto anaanza na za mama

Nesi aliposema wadogo hawana kitu, hapo alikosea. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili anaweza kuwa na IgG nyingi kuliko mama yake. Kondo la nyuma lina kipokezi kinachozichukua kingamwili za mama na kuzivusha kwa nguvu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika wiki za mwisho za ujauzito. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na wiki 30 anakuja na akiba pungufu, hata kama mama yake ana kingamwili tele. Malaria iliyojificha kwenye kondo, au VVU, nayo hupunguza uvushaji huo. Dang'a na maziwa yanayofuata huongeza IgA, ambayo kazi yake kubwa ni kulinda utumbo na koo la mtoto, na kwa sehemu kubwa haiingii kwenye damu yake.

Akiba ya mama hupungua nusu kila baada ya wiki tatu hadi nne. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 mtoto anafika bondeni: za mama zimeyeyuka, zake bado hazijajaa.

Na za mama zina upande wa pili.

Kirusi cha surua kilichomo kwenye chanjo ni hai, kimedhoofishwa tu. Mtoto akiwa bado na kingamwili nyingi za mama dhidi ya surua, zinakidaka kirusi cha chanjo kabla mwili wake haujakiona vizuri. Sindano imechomwa, kadi imejazwa, kinga haikujengeka. Kwa hiyo tunasubiri. Lakini kusubiri sana ni kumwacha mtoto wazi katika nchi ambayo surua bado inapita. Miezi 9 ni mapatano kati ya hatari hizo mbili: ukichanja katika umri huo, karibu asilimia 85 ya watoto wanajenga kinga, ukisubiri miezi 12 ni karibu asilimia 95. Pengo hilo ndilo linalofanya dozi ya miezi 18 kuwa ya lazima. Wazazi wengi hapa wanaiona kama nyongeza ya hiari, wakisema mtoto ameshachanjwa surua. Kwa mtoto ambaye dozi ya kwanza haikushika, ile ya miezi 18 ndiyo ya kwanza yake.

Dozi tatu za wiki ya 6, 10 na 14 nazo zina sababu ya aina hiyo. Mtoto mchanga anajibu, ila seli zake zinazomwaga kingamwili hazikai vizuri kwenye uboho, na kiwango hushuka upesi. Zile wiki nne katikati ni muda wa kunoa. Ukizifupisha, dozi ya pili inakuta kazi ya kwanza haijaisha. Ukizirefusha kwa kuchelewa, mtoto alibaki bila kinga kwa muda huo, lakini kazi iliyofanyika haijapotea: unaendelea pale ulipoishia, huanzi upya. Hili linafaa lisemwe kwa sauti, kwa sababu kuna akina mama wanaoogopa kurudi kliniki baada ya kuchelewa, wakidhani kadi imeharibika.

Kuna kitu kimoja ambacho mtoto wa chini ya miaka miwili hakiwezi karibu kabisa, nacho ni kutengeneza kingamwili nzuri dhidi ya sukari tupu. Bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo hujifunika koti la sukari ndefu, na seli B za kushughulikia koti hilo, zilizoko hasa kwenye bandama, hukomaa polepole. Tena sukari haiiti seli T. Njia iliyopatikana katika miaka ya 1980 ilikuwa kuigandisha sukari kwenye protini, mara nyingi ya pepopunda au dondakoo, ili seli T zivutwe na protini na msaada uifikie sukari. Chanjo ya Hib, bakteria mmojawapo wa aina hiyo, iliyomo ndani ya Penta, sindano ya magonjwa matano kwa pamoja, na ile ya nimonia inayoitwa PCV, zimejengwa hivyo. Zisingegandishwa, kuwachoma watoto wa wiki 6 kungekuwa kazi bure.

Korogwe na Bagamoyo zilionyesha nini

Mpaka hapa mtu anaweza kuchora mstari mwepesi: mdogo dhaifu, mtu mzima imara, mzee dhaifu. Mimi pia nilikuwa naridhika na mstari huo, mpaka niliposoma upya matokeo ya tafiti zilizofanyika hapahapa kwetu.

Kwanza ile chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake kubwa lilianza 2009 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na viwili kati ya hivyo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Watoto zaidi ya 15,000 waligawanywa katika makundi mawili ya umri: wiki 6 hadi 12, na miezi 5 hadi 17. Chanjo ileile. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa karibu asilimia 56 kwa wale wakubwa kidogo, na kwa asilimia 31 tu kwa wachanga, ambao kingamwili zao pia zilikuwa chache zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza mwaka 2021, lilisema ianze karibu na miezi 5. Miezi michache tu ya umri ilibadilisha kabisa thamani ya chupa ileile.

Hilo bado linaukubali mstari.

Kisha ikaja R21, chanjo nyingine ya malaria, ambayo Bagamoyo ilikuwa kituo kimojawapo pamoja na maeneo ya Kenya, Mali na Burkina Faso. Watoto walikuwa wa miezi 5 hadi 36. Hapa waliotoa kingamwili nyingi zaidi walikuwa wadogo, wa miezi 5 hadi 17, kuliko wale wa miezi 18 hadi 36. Mstari ulipaswa kupanda, ukashuka.

Utafiti wa tatu ndio ulionivunjia mchoro wote. Ulifanyika Bagamoyo kwa chanjo ya PfSPZ, ambayo ni vimelea vizima vya malaria vilivyodhoofishwa kwa mionzi. Washiriki walikuwa Watanzania 93, kuanzia miezi 6 mpaka miaka 45. Matokeo yalichapishwa 2019: kwa dozi ileile, kingamwili zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto wachanga na chache zaidi kwa watu wazima. Lakini ukitazama seli T, wale wachanga hawakuonyesha mwitikio wa maana, ilhali watoto wa umri wa kati walifanya vizuri. Na kwa chanjo hii, seli T ndizo zinazodhaniwa kubeba ulinzi wenyewe.

Soma tena hapo. Mwenye kingamwili nyingi si lazima awe mwenye ulinzi mwingi.

Mtu mzima wa pwani amekutana na malaria mara zisizohesabika. Mwili wake umeshapanga majeshi yake, na maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba kinga hiyo ya zamani huvidaka vimelea vya chanjo kabla havijafundisha kitu kipya, jambo linalokaribiana na kile ambacho kingamwili za mama hufanya kwa surua. Hapo kinachopungua ni nafasi ya kujifunza, hata kama mashine yenyewe ni nzima. Na nje ya mambo ya sindano, mtu mzima anajifunza malaria kwa kasi kuliko mtoto. Wakulima wa Java waliohamishiwa Papua, Indonesia, ambao hawakuwa na kinga, walifuatiliwa na watafiti: watu wazima walijenga ulinzi ndani ya muda mfupi kuliko watoto wao, ingawa waliumwa na mbu walewale.

Kwa hiyo umri peke yake hautoshi kuwa jibu. Inabidi uulize: kingamwili dhidi ya nini, mwili unakutana nacho kwa mara ya ngapi, na chanjo imebeba msaada gani.

Sasa tumrudie mzee

Thaimasi huanza kunywea mapema, tangu utotoni, na mtu akifika miaka 60 sehemu kubwa yake imegeuka mafuta. Seli T mpya hutoka chache. Zile za zamani zipo, tena nyingi, lakini zimeshapangiwa kazi za zamani. Uboho nao, kadiri mafuta yanavyoongezeka ndani yake, hutoa seli B mpya kwa kiasi kinachopungua. Akiba ya maumbo ambayo hayajawahi kutumika inasinyaa, na kirusi kipya kikija, uwezekano wa kuipata seli inayokishika vizuri ni mdogo.

Kwenye vituo vya kunolea kuna shida nyingine. Kimeng'enya kinachobadili herufi za jeni, kinachoitwa AID, hutengenezwa kidogo katika seli B za wazee. Seli T zinazotoa ruhusa ndani ya vituo hivyo hupungua ubora. Vituo vyenyewe huwa vichache na vidogo. Juu ya yote kuna uvimbe mdogomdogo wa kudumu mwilini, usioumiza, ambao mtafiti Mwitaliano Claudio Franceschi aliutafutia jina mwaka 2000 na kuuhusisha na uzee wenyewe. Uvimbe huo huzichosha seli kabla kazi haijaanza.

Jumla yake: kingamwili mpya za mzee hutoka chache, huchelewa, hushika kwa ulegevu, na hushuka mapema.

Mfano ulio wazi ni chanjo ya homa ya ini B, ambayo watu wengi huipata kwa mara ya kwanza ukubwani. Dozi tatu za kawaida, mwezi 0, 1 na 6, huwalinda zaidi ya asilimia 95 ya vijana. Baada ya miaka 40 kiwango hushuka chini ya asilimia 90. Akifika 60 ni kama asilimia 75. Mzee mmoja kati ya wanne anamaliza dozi zote, anarudi nyumbani na kadi safi, na damu yake haijafika kipimo cha ulinzi cha uniti 10 kwa lita. Kwa kijana wa kawaida hakuna haja ya kupima baada ya chanjo. Kwa mtumishi wa afya, hasa mwenye miaka 50 na zaidi, kupima mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho kuna maana kubwa.

Msipime "kingamwili jumla" mkadhani mmepima hilo. IgG yote kwa pamoja katika damu ya mzee haishuki, wakati mwingine hata inapanda, na zile zinazoushambulia mwili wake mwenyewe huongezeka. Kipimo cha jumla kinaweza kuonekana kizuri kabisa kwa mtu ambaye hana kinga dhidi ya kitu unachokiogopa.

Kumbukumbu haizeeki hivyo

Hapa ndipo nesi alikuwa na haki yake.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima damu ya watu 32 waliozaliwa mwaka 1915 au kabla, waliopitia janga la mafua ya 1918 wakiwa watoto. Walikuwa na miaka 91 hadi 101. Karibu miaka 90 baadaye, wote walikuwa bado na kingamwili dhidi ya kirusi kile, na kutoka kwa baadhi yao zilipatikana seli B hai ambazo kingamwili zake zilikidhibiti kwa ustadi mkubwa.

Utafiti mwingine wa 2007 ulifuatilia damu za watu wazima kwa miaka mingi. Kingamwili za surua zilishuka polepole kiasi kwamba muda wa kupungua nusu ulihesabiwa kuwa zaidi ya maisha ya binadamu. Za pepopunda zilipungua nusu katika miaka 11 hivi. Tofauti hiyo inatokana zaidi na namna mwili ulivyofundishwa mwanzo kuliko na umri wa mtu: kirusi kizima cha surua kinafundisha kwa kina, sumu ya pepopunda iliyoondolewa ukali maabara inahitaji kukumbushwa.

Kwa hiyo bibi wa Bagamoyo aliyeugua surua utotoni huenda ana kingamwili za surua bora kuliko mjukuu anayempakata. Mbele ya ugonjwa ambao hajawahi kukutana nao, yeye ndiye aliye wazi kuliko watu wengi nyumbani. Uviko ulituonyesha jambo hili bila huruma. Uingereza, katika watu wenye miaka 80 na zaidi, wengi hawakuwa na kingamwili za kutosha baada ya dozi ya kwanza, lakini ya pili iliwasogeza karibu na vijana. Walihitaji kurudiwa somo.

Mzee anaweza kusaidiwa

Udhaifu huu unaweza kusukumwa. Njia ya kwanza ni kuongeza dozi: chanjo ya mafua ya wazee inayotumika Marekani ina mikrogramu 60 za kila aina ya kirusi badala ya 15, na iliwakinga wenye miaka 65 na zaidi kwa asilimia 24 zaidi ya ile ya kawaida.

Njia ya pili ni kichocheo, yaani kitu kinachochanganywa na chanjo ili kuziamsha seli za ulinzi. Chanjo ya zamani ya mkanda wa jeshi ilikuwa kirusi hai kisicho na kichocheo: kwa wenye miaka 60 hadi 69 ililinda kwa asilimia 64, kwa wenye 70 na zaidi asilimia 38. Mpya ina protini moja tu na kichocheo kiitwacho AS01, na kwa wenye 70 na zaidi ililinda kwa karibu asilimia 90. Ni kweli kwamba hapa mwili unakumbushwa tetekuwanga ya zamani, kwa kuwa kirusi ni kilekile, na seli T zina mchango mkubwa. Lakini hata somo jipya linakubali msaada: chanjo ya homa ya ini B yenye kichocheo cha aina ya CpG ilijaribiwa kwa watu wa miaka 40 hadi 70, ikawafikisha asilimia 90 kwenye kipimo cha ulinzi, wakati ya kawaida ilifikisha asilimia 70.5.

AS01 hiyohiyo, kwa nusu ya kipimo, ndiyo iliyokuwa ndani ya chupa za RTS,S walizochomwa watoto wa Korogwe na Bagamoyo. Kiungo chake kimoja, QS-21, hutolewa kwenye gome la mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria, na kichocheo cha R21 pia asili yake ni mti huo. Gome moja linaukokota mwili ambao bado haujajua na mwili ambao umeshachoka kujifunza.

Kuna jambo dogo lisilo na gharama. Mwaka 2016 huko Birmingham, wazee waliochanjwa mafua kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi walitoa kingamwili nyingi zaidi kwa aina mbili kati ya tatu za kirusi kuliko waliochanjwa kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Ni utafiti mmoja, sitaujengea nyumba. Lakini kama unampeleka mzee chanjo, mpeleke asubuhi, amelala vizuri na amekula. Unga wa mlonge na chupa za "kuongeza kinga" zinazouzwa stendi hazirudishi thaimasi iliyogeuka mafuta, na pesa hiyo ingelipia nauli ya kwenda hospitali.

Wazee wa Hija

Kila mwaka wazee wa hapa wanajiandaa kwenda Makka, na chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la Saudia. Cheti lazima kiwe cha angalau siku 10 kabla ya kufika. Watu wamezichukua siku hizo 10 kama tarehe ya kuendea hospitali.

Kwa kijana wa miaka 30 ni sawa. Kwa mzee wa 70, ambaye IgG yake inachelewa, siku 10 ni ukingo wa shimo. Mchomeni wiki nne hadi sita kabla. Ulizeni pia kama chanjo ni ile iliyogandishwa kwenye protini: mwili unaikumbuka vizuri zaidi, na inakubalika kwa miaka 5, wakati ya sukari tupu ni miaka 3. Chanjo ya mafua haimo kwenye ratiba yetu ya kawaida, lakini ikipatikana, apewe wiki mbili au zaidi kabla ya kupanda ndege.

Kadi ya njano ni habari nyingine. Tangu Julai 2016 dozi moja ya homa ya manjano inahesabiwa ya maisha yote, hivyo mzee mwenye kadi ya miaka 20 iliyopita asikubali kuchomwa tena kwa sababu tu "imeisha". Na mwenye miaka 60 na zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa kabisa lazima aonane na daktari kwanza. Chanjo hiyo ni kirusi hai. Kwa mzee anayekutana nacho mara ya kwanza kingamwili huchelewa, kirusi hupata siku za kuzunguka, na madhara makubwa, ingawa ni nadra, huongezeka.

Babu na jembe

Nimeiacha pepopunda mwisho kwa sababu ndiyo ninayoiogopa zaidi, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975. Mwanaume aliyezaliwa kabla ya hapo, ambaye leo ana miaka 50 na zaidi, huenda hajawahi kupata hata dozi moja ya pepopunda. Mkewe alichanjwa kliniki kila mimba. Yeye hakuna aliyemwita. Halafu ndiye anayelima, anayeparua samaki, anayechomwa na mwiba wa mkonge kule Tanga. Akishakatwa, dalili za sumu ya bakteria huanza mara nyingi ndani ya siku 3 hadi 21, na kingamwili za dozi ya kwanza katika mwili wa miaka 65 hazitaiwahi.

Kwa hiyo mwenye jeraha chafu ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji vitu viwili siku ileile, kila kimoja upande wake: dozi ya kwanza ya chanjo, na kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, uniti 250, zinazofanya kazi saa hiyohiyo na kuisha baada ya wiki chache. Jeraha lisafishwe kwa maji mengi na sabuni, nyama iliyokufa iondolewe. Akipewa sindano moja tu, uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Asiye na jeraha ana nafasi nzuri zaidi. Dozi ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Ya kwanza pekee haimlindi. Ya pili inampa mwaka hadi mitatu, ya tatu angalau miaka mitano. Siku hizi huja pamoja na ya dondakoo, kwa jina la Td, chupa ileile wanayochomwa wajawazito. Bibi akimpeleka mjukuu kwenye dozi ya miezi 18, babu aende naye, na amuulize nesi kama Td ipo siku hiyo.